Siri Iko Kwenye Mshono: Jinsi Karakana ya El Anatsui Inavyofanya Kazi

Sanamu nyingi zinazoundwa kwa vitu vilivyookotwa zina kasoro moja: msanii alimaliza nguvu zake kwenye kukusanya na kubuni umbo, halafu suala la vipande kushikana akaliachia gundi. Samaki wa chupa za plastiki, tembo wa malapa, ramani ya Afrika ya vizibo vya soda vilivyobandikwa kwenye ubao. Siku ya ufunguzi inapendeza na watu wanapiga picha. Misimu miwili ya mvua ikipita, gundi imechoka, vizibo vinadondoka kimoja kimoja na ubao umepinda. Wazo halikuwa baya. Kilichokosekana ni kiungo.

Ndiyo maana nataka tuichambue karakana moja iliyoanzia kwenye kiungo, na kwa kuanzia hapo ikaweza kuunganisha kazi ya makumi ya mikono katika kitu kimoja kikubwa kinachokunjika, kinachosafiri na kinachobadilika umbo kila kinapotundikwa. Ni karakana ya El Anatsui, iliyokulia Nsukka, mji wa chuo kikuu kusini mashariki mwa Nigeria, mbali na Lagos na nyumba zake za sanaa.

Anatsui alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, Ghana, kwa baba mvuvi aliyefuma pia vitambaa vya kente. Alisomea sanaa Kumasi, na mwaka 1975 akahamia Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, alikofundisha uchongaji hadi alipostaafu mwaka 2011. Kabla ya kufika kwenye vifuniko alishapitia vitu vingine vya maisha ya kila siku: sinia za mbao za wachuuzi wa sokoni alizozichoma michoro, vyungu vilivyovunjika, mbao zilizokatwa kwa msumeno wa mashine, mifuniko ya makopo ya maziwa, mabati ya kukunia muhogo. Kwa hiyo mwaka 1998, alipokuta nje ya mji mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe uliotupwa, hakuwa mtu anayeanza. Hata hivyo mfuko huo ulikaa karakanani kwa muda kabla hajajua la kuufanyia. Jambo hilo lina uzito kwangu. Kuokota ni kazi ya dakika moja, lakini kujua kitu ulichookota kinataka kufanywa nini huchukua muda, na muda huo ni sehemu ya kazi.

Tuanze na kitu chenyewe kilichookotwa, maana hapa wengi huchanganya. Kizibo cha soda au bia ni bati la chuma lililopakwa kinga. Ni kigumu, kina meno pembeni, na ukijaribu kukikunja kwa vidole kitakukata kabla hakijakutii. Kikikwaruzwa, kinashika kutu. Vifuniko vya Nsukka vingi ni vya aina nyingine: vile vya kuzungusha vya chupa za pombe kali, vilivyotengenezwa kwa karatasi ya alumini yenye unene wa takriban sehemu moja ya tano ya milimita. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Hukatika kwa mkasi, hukunjika kwa vidole na hubaki vile ulivyoikunja. Haishiki kutu kama chuma, kwa sababu hewa inapoigusa hujijengea utando mwembamba unaoilinda. Kama mfuko ule ungekuwa na vizibo vya bia, sidhani kama tungekuwa na kazi hizi. Zingekuwa nzito mara kadhaa, zingekwaruzana na zingelia kutu.

Kifuniko hicho kimoja kina sehemu tatu, na karakana inazitumia zote. Juu kuna kisahani cha mviringo. Pembeni kuna ukuta mfupi wenye rangi na mara nyingi jina la kinywaji. Chini kuna pete nyembamba, ile inayokatika unapofungua chupa kwa mara ya kwanza, ambayo kwa kawaida hubaki shingoni mwa chupa na hakuna anayeihangaikia. Chukua kifuniko kimoja ukifuate hatua kwa hatua. Ukikata ukuta wake wima na kuutandaza, unapata utepe mfupi. Ukiukunja utepe huo kingo zikaingia ndani, unapata kipande cha pembe nne, kigumu kidogo kuliko mwanzo kwa sababu sasa kina tabaka mbili, na kingo zake hazikati tena mkono. Ukiusokota, unapata kijiti chembamba kinachoonyesha rangi mbili kwa zamu, ya nje iliyopakwa na ya ndani yenye weupe wa fedha. Ukikiponda kisahani kikunjike hovyo, unapata kidonge chenye vivuli. Na pete ukiziunganisha zikiwa wazi hivyohivyo, unapata wavu unaopitisha mwanga.

Hizo ndizo herufi zake: kukunja, kusokota, kuponda, kuacha wazi. Ni chache kwa makusudi. Kijana anayeingia karakanani asubuhi kwa mara ya kwanza anaweza kujifunza mojawapo na kuifanya vizuri kabla ya jioni. Lakini herufi hizo zikipangwa kwa wingi zinatoa sura tofauti kabisa. Vipande vya pembe nne hutoa eneo zito lenye rangi iliyoshiba, vijiti hutoa mistari inayotikisika machoni, pete hutoa uwazi unaoonyesha ukuta ulio nyuma. Msanii ana uzito na wepesi, rangi iliyoshiba na uwazi, bila kugusa brashi. Hakuna rangi inayopakwa. Nyekundu ni ya kiwanda cha pombe, ya dhahabu ni ya kiwanda cha pombe, nyeusi hivyohivyo. Ukisogea karibu unaweza hata kusoma majina ya vinywaji.

Na kwa kuwa tumetaja pombe, Anatsui mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi kubadilishana, na kwamba ilihusika katika biashara ile iliyopeleka watu utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Maana hiyo haikubandikwa juu ya kazi kwa maelezo ya ukutani. Imo ndani ya malighafi. Kwa upande wangu naona hilo ni somo la kiufundi pia: ukichagua kitu chenye historia yake, huhitaji kukichonga kiongee.

Sasa tufike kwenye mshono, ambako ndiko uchambuzi huu unaelekea. Kila kipande hutobolewa matundu madogo pembeni. Waya mwembamba wa shaba hupitishwa tundu hadi tundu la jirani, kisha ncha zake husokotwa pamoja. Hakuna gundi, hakuna kulehemu, hakuna ubao nyuma. Shaba laini husokoteka kwa vidole na haichomoki kirahisi, na pia unaweza kuifungua ukitaka kubadilisha kipande. Jambo la kuangalia ni nafasi. Waya haukazwi hadi vipande vibanane, unaachiwa ulegevu kidogo, kiasi cha kipande kuweza kugeuka juu ya jirani yake. Kipande kimoja kimoja ni kigumu, lakini kwa kuwa kila kiungo kinalegea kidogo, uso mzima unakuwa laini. Ukikaza mno utapata bati. Ukilegeza mno utapata mapengo, na uzito wa juu utavuta matundu hadi yapasuke. Mkono wa fundi unajulikana hapo.

Ulegevu huo ndio unaowezesha ushirikiano. Fikiria makumi ya vijana wa mji huo, baadhi yao wanafunzi, kila mmoja ameketi na lundo lake la vifuniko. Hakuna mikono miwili inayofanana. Mmoja anakunja kwa usahihi wa fundi saa, mwingine vipande vyake vinapishana milimita moja au mbili. Katika kazi ya kulehemu au ya useremala, milimita mbili hizo zikijumlishwa mara elfu zinapindisha kila kitu. Katika mshono uliolegea zinamezwa. Tofauti za mikono zinageuka kuwa mtetemo wa uso, ule unaokufanya uone kuwa kitu hiki kimeguswa na watu wengi na hakikutoka kwenye mashine.

Vijana hao hawashoni sanamu. Wanashona viraka, na kila kiraka ni cha aina moja na rangi moja au mbili. Msomaji wa pwani ataelewa haraka nikisema ni kama ukili na mkeka: mwanamke mmoja husuka ukili wake barazani, mwingine wake jikoni, kila mmoja kwa saa zake na mazungumzo yake, na mkeka huzaliwa pale mshonaji anapozikusanya kili hizo na kuzishona ubavu kwa ubavu. Kente ya baba yake Anatsui nayo hufumwa kwa vitambaa vyembamba virefu vinavyoshonwa baadaye kuwa nguo pana. Utaratibu wenyewe basi si mgeni Afrika. Kilicho kipya ni kuupeleka kwenye alumini na kwenye upana wa ukuta wa jengo.

Viraka vikishakuwa vingi, kazi inahamia sakafuni. Hapa ndipo msanii mwenyewe anapoingia kwa uzito wote. Viraka vinatandazwa, yeye anatazama, anaagiza hiki kihamishwe kushoto, kile kigeuzwe, kile kiondolewe kabisa. Kila mpangilio unapigwa picha, na picha zinalinganishwa kwenye skrini kabla ya chochote kuunganishwa. Kamera ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu: unaweza kujaribu mpangilio wa kumi na bado ukarudi wa tatu. Ya pili ni umbali. Ukisimama juu ya kitu cha mita 6 kwa 7 kilicholala sakafuni, unaona miguu yako na kipande kilicho mbele yako. Picha ndogo inakupa jicho la mtu aliyesimama mwisho wa ukumbi. Ni njia rahisi, haihitaji vifaa vya gharama, na nashangaa ni karakana chache mno za kwetu zinazoitumia wakati kila mtu ana simu mfukoni.

Kazi mbili za kwanza zilizojulikana sana, Man's Cloth na Woman's Cloth, zilinunuliwa na British Museum mwaka 2002. Mwaka uliofuata nyumba ya sanaa ya Oriel Mostyn, katika mji mdogo wa pwani wa Llandudno huko Wales, iliandaa maonyesho yaliyoitwa Gawu. Maonyesho hayo yalizunguka Uingereza na Ireland, kisha yakavuka hadi Marekani. Napenda watu wakumbuke kuwa safari hii kubwa ilianzia mji mdogo. Mwaka 2007 kazi mbili kubwa, Dusasa I na Dusasa II, zilitundikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, na nyingine ikafunika uso wa jumba la Palazzo Fortuny katika mji huohuo. Mwaka 2015 Biennale hiyo ilimtunuku Anatsui Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake yote.

Kazi hizo zilifikaje huko? Zilikunjwa na kuwekwa kwenye sanduku. Sanamu ya shaba au ya mawe yenye upana huo ingehitaji winchi na meli, lakini hizi hukunjwa mara kadhaa kama turubai. Zikifika zinafunguliwa, na hapo inaanza hatua ambayo wasimamizi wengi wa maonyesho iliwatia hofu mwanzoni: hakuna mchoro wa jinsi ya kutundika. Anatsui anawaachia waliopokea kazi waamue mikunjo iwe wapi, ishuke hadi sakafuni au iishie juu, itandazwe au irundikwe. Kazi hiyohiyo ikitundikwa miji miwili inakuwa na sura mbili, na zote ni halali. Ushirikiano ulioanzia kwa vijana wa Nsukka unaendelea kwa mafundi wa jumba la makumbusho walioko juu ya ngazi na misumari mdomoni.

Uhuru huo una sheria zake za uzito. Safu ya juu kabisa inabeba safu zote zilizo chini yake, kwa hiyo uzito lazima ugawanywe kwenye sehemu nyingi za kushikia, si ncha mbili za pembeni. Mkunjo unatengenezwa kwa kunyanyua sehemu ya katikati na kuishika ukutani, ili iliyo chini yake imwagike. Kila mkunjo unaoshikwa hivyo unaipunguzia mzigo safu ya juu. Kwa maneno mengine mikunjo ile inayotupendeza machoni ni nguzo pia. Mkunjo wa pambo tupu, usiobeba kitu, huonekana wa uongo mara moja.

Baadaye karakana ilikwenda mbali zaidi. Kazi iliyofunika uso wa Royal Academy jijini London mwaka 2013 ilichanganya vifuniko na mabati ya kuezekea na sahani za viwanda vya kuchapisha. Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, katika ukumbi mkubwa wa Turbine Hall wa Tate Modern, kazi iliyoitwa Behind the Red Moon ilitundikwa hewani kwa sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa tanga kubwa. Ya pili ilikuwa maumbo ya watu yaliyoundwa kwa zile pete nyembamba, yakielea yametengana, na ukisimama mahali pamoja maalumu yakikutana kuwa duara. Ya tatu ilikuwa ukuta mweusi ulioshuka hadi sakafuni. Ya pili ndiyo iliyonishawishi kuliko zote. Pete ambayo hakuna mlevi wala mwosha chupa anayeikumbuka ndiyo iliyobeba umbo la mwanadamu.

Ili kuona mshono umeleta nini, ilinganishe Nsukka na Maputo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilivyokwisha mwaka 1992, Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walianzisha mwaka 1995 mpango wa watu kusalimisha silaha na kupewa vitendea kazi kama majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2004 wasanii wanne, Kester, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, waliunda Mti wa Uhai, sanamu ya takriban nusu tani inayokaa British Museum. Kiungo chao kilikuwa moto. Mtutu ukishalehemiwa kwenye mtutu haurudi nyuma, na huo ndio uzuri wake kwa sanamu ile: bunduki iliyogeuzwa tawi haipaswi kuweza kufunguliwa ikawa bunduki tena. Lakini kulehemu kunadai mafundi wachache wenye ujuzi mkubwa, na umbo likishafungwa limefungwa. Waya unakaribisha wengi wenye ujuzi mdogo na unaacha umbo wazi. Hakuna njia iliyo bora kwa kila jambo. Kiungo kinafuata maana ya kazi.

Kuna tofauti nyingine, na hapa nina neno na Nsukka. Mti wa Uhai una majina manne. Kazi za vifuniko zina jina moja. Naelewa sababu: wazo, mpangilio, uamuzi wa mwisho ni vya Anatsui, na wasaidizi wanalipwa ujira wao kama wafanyakazi wa karakana yoyote. Yeye mwenyewe hajawaficha, filamu na vitabu vimewaonyesha wakiwa kazini. Hata hivyo nimesema hapo juu kwamba tofauti za mikono ni sehemu ya uso wa kazi. Kama mkono wa kijana fulani unaonekana, jina lake halina sababu ya kutoonekana. Orodha ndogo pembeni ya kibao cha maelezo haimpunguzii msanii mkuu hata chembe.

Kwa wanaotaka kujaribu utaratibu huu Bagamoyo, Lamu, Mombasa au Unguja, kuna tahadhari moja ya kemia. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, na huanza kuliwa palepale kwenye tundu la waya, mahali panapobeba mzigo. Ndani ya ukumbi mkavu hilo halisumbui. Kwenye baraza inayopigwa na upepo wa bahari litakusumbua mapema. Tumieni waya wa alumini, au waya uliovikwa plastiki, na msitundike nje kazi iliyokusudiwa ndani.

Kisha msikimbilie kuita shule nzima ije na magunia ya taka. Anzeni watu watatu au wanne, mezani, na vifuniko mia moja. Shoneni kiraka kimoja cha upana wa mkono. Kishikeni kwa ncha ya juu mkitikise, mkikunje, mkikunjue, mkiache kimening'inia wiki nzima. Kikishuka vizuri na hakuna tundu lililopasuka, iteni watu waje washone. Na siku ya ufunguzi, majina yao yote yawe ukutani.